Bunduki Chini ya Kitanda cha Mjane

Bunduki ya kina Shilinde ilikuwa na heshima kuliko binadamu wengi wa kijiji chetu. Ilikuwa hata na jina lake, Mwanapwani, kwa sababu ilitoka pwani. Babu wa babu yao alibeba pembe za ndovu begani kutoka huku Unyamwezi hadi baharini, na wenzake waliporudi na nguo na shanga, yeye akarudi na gobore. Njia waliyopita wapagazi wale bado ipo nyuma ya duka letu, ila siku hizi wanaoipita ni ng'ombe na bodaboda zinazokwenda Usinge. Mimi nilipoletwa hapa bi harusi kutoka Tabora mjini, mtu wa kwanza kunipokea hakunionyesha kisima kilipo. Alinieleza habari za Mwanapwani, na nikajua nimeolewa mahali pa ajabu.

Jina langu Hafsa, mama Najiat, mke wa Nasri mwenye duka. Ua wetu umetenganishwa na ua wa kina Shilinde kwa minyaa, na minyaa haizuii sauti. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota kisimani. Mengi niliyasikia kwa masikio yangu nikiosha vyombo, na yaliyobaki niliyaona.

Mzee Shilinde alikuwa mtu mnyoofu. Gobore lake alikuwa na kibali nalo, na wakati wa ukaguzi alilifunga kwenye shuka akalipeleka polisi Urambo mwenyewe, akarudi nalo jioni akiwa amechoka. Alilitumia kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi, basi. Asubuhi za kiangazi alikaa uani akilifuta kwa kitambaa chenye mafuta, huku mkewe Martha, ambaye sote tulimwita mama Martha kwa jina lake mwenyewe, akichambua mchele pembeni, na mwana wao Modest akipita kwenda shambani alipaza sauti: "Shikamoo Mayu!" Mayu ndiyo mama kwa Kinyamwezi. Mama Martha alijibu marahaba ya kuvuta, ya mtu aliyeridhika. Nilizoea kuianza siku yangu kwa shikamoo ya Modest kama wengine wanavyoianza kwa redio.

Mzee alifariki mwezi wa mvua za mwisho. Ukoo ule una desturi yake, na lazima niieleze, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Mwenye bunduki akifa, Mwanapwani inapigwa mara moja makaburini, kama inavyopigwa kwa kila mtu mzima wa ukoo, kisha inakabidhiwa kwa mjane. Inalala chini ya kitanda chake muda wote wa matanga. Siku ya kuondoa tanga, mjane anaitoa mbele ya ukoo na kuiweka mikononi mwa mrithi. Atakayeipokea kutoka mkononi mwa mjane ndiye mwenyewe, na hakuna mtu wa ukoo ule anayeruhusiwa kumnyang'anya. Anayeichukua bila kuipokea kwa mkono huo, wanasema, itamgeukia. Mimi siamini mambo hayo. Lakini wao waliamini, wazee kwa vijana.

Serikali nayo ina utaratibu wake. Mwenye bunduki akifa, bunduki inatakiwa irudi polisi, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Ombi lake linaanzia kwenye kamati ya kijiji, ambayo ndiyo inayomjua, iseme kama ni mtu wa kuaminiwa na silaha au siyo. Mwenyekiti wetu, Eliya, aliyajua hayo vizuri kuliko sisi sote. Lakini Eliya ni mtu anayetaka kila anayemsalimia aondoke akitabasamu. Alisema tuwaache wafiwa wamalize msiba wao, bunduki haiozi, itapelekwa ikishapata mwenyewe. Gobore likalala chini ya kitanda cha mama Martha na polisi hawakujua kitu.

Mrithi alikuwa mmoja tu. Modest ndiye mtoto wa kiume pekee, na dada yake Julieth alikuwa marehemu. Ungemwona Modest barabarani ungempenda. Mkulima hodari wa tumbaku, mtu wa kwanza kushika jembe panapochimbwa kaburi, mtu wa utani na kila rika. Akikuta mama mzee amejitwisha kuni, anamtua na kuzibeba yeye. Huyo ndiye Modest wa barabarani, na wanaume wa kijiji chetu walimjua huyo tu.

Mimi nilimjua na yule wa upande wa pili wa minyaa. Mkewe, Tekla, mtoto wa watu kutoka Usinge, mpole, alikuja dukani kununua dawa ya maumivu akiwa amejifunika kanga hadi puani wakati hakuna baridi. Akasema amegongwa na boriti ya bani. Bani ni kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, na nimewaona wakulima wengi wakitoka humo wameungua vidole au macho yamewaiva kwa moshi. Sijamwona aliyetoka na alama za vidole shingoni. Nilimuuliza bani gani hilo linalopiga watu usoni tu. Akaivuta kanga iliyomteleza shingoni, akachukua dawa yake. Nasri alinikaripia baadaye, akasema mambo ya mke na mume tuwaachie wenyewe, na siku hiyo alikula ugali wa baridi.

Baada ya mazishi ya mzee, makelele ya upande wa pili yakakoma. Nikamshukuru Mungu. Nikadhani msiba umemlainisha kijana. Kumbe Tekla alikuwa na hofu kuliko zamani, na alinieleza mwenyewe mchana mmoja akiwa amekuja kuchukua chumvi. Modest alikuwa ameacha kumpiga. Sasa alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele yake wakati anachambua mboga, anamtazama, halafu anasema taratibu, bila hasira: "Subiri nikabidhiwe." Chumvi ikizidi, subiri nikabidhiwe. Mtoto akilia, subiri nikabidhiwe. Hakuongeza neno. Tekla alikuwa anahesabu kwa hofu misa za marehemu zilizobaki kabla ya kuondoa tanga, wakati wenzake walikuwa wanangojea wali wa siku ile.

Alikuwa ameshakwenda kwa Eliya. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akampa na maji ya kunywa, kisha akamwita Modest. Modest akacheka mpaka machozi, akasema ni utani tu wa mume na mke, na wanawake wa Usinge hawajui utani. Eliya naye akacheka kidogo. Halafu akatoa suluhu, na mpaka leo anaisimulia kama jambo la busara: bunduki atakaa nayo Modest, baruti itakaa kwa mwenyekiti. Kila mtu apate nusu, pasiwe na aliyeshindwa. Ndivyo tunavyopatanisha watu huku kwetu, iwe ni ng'ombe, iwe ni mpaka wa shamba. Tekla aliniambia kwamba mume wake anajua njia za msituni kuliko mwenyekiti, na huko msituni baruti haikosekani. Nilimshauri aende Urambo, kwenye dawati la polisi linaloshughulikia kesi za wanawake na watoto. Akasema akionekana tu amepanda bodaboda kuelekea Urambo, hatarudi kukuta watoto wake pale walipo.

Kamati ilikaa. Wanakamati wakasema Modest hana kesi, hanywi kupita kiasi, anachangia shule, na nguruwe pori wamekuwa wengi mno kwenye mahindi. Tekla alikuwa na jambo la kusema lakini hakuitwa, na kwa kuwa hakuitwa ikahesabiwa kwamba hakuna jambo. Mmoja wao alipotaja minong'ono ya majirani, Eliya alikuwa na jibu. Alisema bunduki ile haikabidhiwi na kamati, inakabidhiwa na mjane. Mama hawezi kumpa mwanawe kitu cha kumharibia maisha. Akimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, sisi ni nani wa kupinga? Wote wakaona ni sawa, wakapitisha.

Nilipoyasikia hayo nilichukia sana. Watu wazima, wamekula viapo, wamechukua kazi ambayo sheria imewapa na kuitua juu ya kichwa cha bibi kizee mwenye nguo nyeusi. Na bibi huyo, katika wanawake wote wa nchi hii, alikuwa mama Martha.

Julieth alikuwa binti yake wa kwanza. Aliolewa Nzega na kijana mnunuzi wa dhahabu, mwenye gari na mwenye bastola. Bastola halali, ya kibali, maana huko nako kulikuwa na kamati, na kamati ilisema ni mtu wa tabia njema. Kijana yule alikuja kusalimia wakwe mara moja. Wakati wa chakula aliitoa bastola kiunoni akaiweka juu ya meza, karibu na sahani ya nyama. Mzee Shilinde akauliza ya nini kuiweka pale. Akajibu akicheka kwamba Julieth ana mdomo, anamtia hofu kidogo tu. Watu mezani wakacheka, kwa kuwa mgeni amecheka. Haukupita mwaka, Julieth akaletwa kwenye jeneza, na mkwe yule yuko gerezani mpaka leo.

Kwenye msiba alikuja mama wa muuaji. Nilikuwepo, nilikuwa nagawa chai. Alianguka miguuni pa mama Martha akalia, akasema hawakujua, wallahi hawakujua kama mtoto wao angefika huko. Mama Martha alimuuliza swali moja tu, kijana alikuwa anaishi nao? Yule mama akasema ndiyo, nyumba moja. Mama Martha akamwambia, basi mlijua. Akamwinua, akampa kigoda na chai, na hakusema naye tena mpaka alipoondoka.

Siku chache kabla ya kuondoa tanga nilikuwa nimekaa na mama Martha mlangoni kwake, tunabangua karanga. Wali wa siku ile ulikuwa upikwe na karanga, ndivyo mzee alivyoupenda. Tekla akatoka jikoni, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, unga bado uko mikononi.

"Mama, usimpe," akasema.

Mama Martha aliendelea kubangua. "Ndiye mtoto pekee niliyebaki naye," akajibu.

"Najua, mama."

"Unajua kinachompata mtu wa ukoo huu asiyekabidhiwa? Watamwita mwanamke. Hatapewa neno kwenye kikao chochote mpaka azeeke."

"Najua, mama. Mimi nina watoto wawili."

Mama Martha alimwambia akaangalie chungu, kitaungua. Tekla akainuka akaenda. Nilitamani kusema kitu, na mimi kunyamaza si kazi yangu, lakini nilimwona yule mama anatupa karanga na kubakiza maganda, nikaendelea kubangua.

Msidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Modest alizaliwa baada ya mimba tatu kuharibika. Alimnyonyesha mpaka watu wakamcheka. Aliniambia pale mlangoni kwamba usiku anaisikia bunduki chini ya kitanda, haisemi kitu lakini anaisikia, na akigeuka upande huu anamwona Julieth, akigeuka upande ule anamwona Modest akiwa mdogo, anaungua kwa homa. Alisema atamuuliza mwenyewe. Labda ni utani kweli. Alitamani sana uwe utani, uso wake wote ulionyesha hivyo.

Akamuuliza. Jioni ile ile, kabla jua halijazama, nikawasikia nikianua nguo. Sauti ya mama ilikuwa ya chini, sikupata maneno. Ya Modest niliipata yote, ilikuwa ya mtu mwema anayemtuliza mzazi wake.

"Mayu, usijali. Mwanamke lazima awe na hofu kidogo tu, ndiyo nyumba inatulia."

 Kisha nikasikia kigoda kinasogezwa na mlango wa mama Martha unafungwa.

Kesho yake alikuja dukani mapema. Akauliza kama yule mkaguzi wa polisi wa kata yetu, Afande Mfaume, ni mtu wa kwetu Tabora mjini. Nikamwambia ndiyo, mtoto wa mtaa wa Ng'ambo, mama yake na mama yangu walisoma chuo kimoja cha Kurani. Akasema nimpigie simu nimkaribishe kwenye kuondoa tanga. Nikamuuliza nimwambie kuna nini. "Mwambie aje ale," akasema, akanunua kiberiti na kuondoka. Nilimtazama mgongo wake akivuka njia, amenyooka, na nikaelewa. Nilipiga ile simu pale pale.

Siku ilipofika, watu walijaa ua. Katekista aliongoza sala, watu wakala, pombe ya mtama ikazunguka kwa wazee. Modest alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, limempwaya mabegani, na alipita akihudumia wageni yeye mwenyewe, anacheka na kila mmoja. Afande Mfaume alikaa pembeni na sahani yake, amevaa sare, na watu walimtania kwamba serikali imenusa nyama kutoka Urambo. Tekla alikuwa jikoni na wanawake. Nilimwona anaosha sahani ile ile tena na tena.

Baba mdogo wa Modest akasimama, akaeleza habari za babu aliyebeba pembe, kama inavyoelezwa kila mara, kisha akamwomba mjane alete Mwanapwani. Mama Martha akaingia ndani. Akatoka ameibeba mikononi kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, imefungwa kwenye shuka la mzee. Modest akasimama katikati ya ua, akapiga goti, akanyoosha mikono. Eliya alikuwa anatabasamu.

Mama Martha alifika mbele ya mwanawe, akasimama. Alimtazama muda mrefu. Kisha akampita. Akatembea mpaka alipokaa Afande Mfaume, na afande yule, kijana wa watu, akasimama haraka, sahani ikaanguka.

"Shikamoo mama," akasema, akijifuta mikono.

"Marahaba, baba. Pokea."

Akaipokea. Nadhani hata yeye aliipokea kwa mshtuko, kama mtu anavyodaka kitu kinachoanguka. Ukoo mzima ukanyanyuka. Mama Martha akageuka, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Wote mmeona. Imetoka mkononi mwangu. Serikali imerithi."

Baba mdogo akaanza kufoka kwamba mali ya ukoo haiwezi kwenda kwa mgeni. Shangazi mmoja mzee sana, dada wa marehemu, ambaye tulidhani amesinzia, akamkatiza. Alisema desturi ni desturi, mjane ameshatoa, aliyepokea amepokea, na anayetaka kuichukua aende akaichukue yeye, yaliyowapata waliotangulia yampate na yeye. Hakuna aliyesogea. Niliwatazama wanaume wale wote, waliokuwa tayari kuivunja sheria ya nchi bila kukohoa, wakisimama kama wamepigwa misumari kwa kuogopa sheria ya mjane.

Modest bado alikuwa amepiga goti, mikono mitupu.

"Mayu," akasema. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuvua," mama yake akamjibu. "Nguo utavaa nyingine, mwanangu. Julieth hakuvaa tena."

Ndipo akasema yote, pale pale, mbele ya wageni. Akasema alama za shingoni si za bani. Akayasema yale maneno mawili ambayo mwanawe alikuwa anamwambia mkewe wakati wa mboga. Akasema yeye alimwambia mama wa Nzega kwamba alijua, na hataki mama yake Tekla aje kutoka Usinge kumwambia yeye vile vile. Eliya alitazama chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwenyekiti wetu hatabasamu. Afande Mfaume akalifungua shuka, akalikagua gobore. Alisema gobore linakwenda polisi kama lilivyotakiwa kwenda siku ya msiba, na ombi la Modest halitapita kwa maneno hayo aliyoyasikia, kwa kuwa silaha hapewi mtu ambaye watu wa nyumbani mwake wanamwogopa, na kamati ingesema hivyo kama ingeuliza waliomo ndani ya nyumba. Akalifunga kwenye shuka, akaondoka nalo kwa pikipiki, na watu wakaanza kutafuta viatu vyao bila kuagana.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yakawa mazuri. Mimi nilitegemea hivyo. Nilidhani watu watamshukuru mama yule.

Alichopata kwanza ni wito wa polisi. Alikuwa amekaa na silaha isiyo ya jina lake muda wote wa matanga, na sheria aliyoikimbilia ilikuwa na neno na yeye pia. Alipanda gari hadi Urambo akiwa na nguo zake nyeusi, akaandika maelezo, akaonywa, akarudi. Hakulalamika. Alisema wako sawa, angeipeleka mapema asingelala nayo.

Tekla aliondoka wiki ile ile. Kaka zake walikuja kumchukua na watoto wake wakaenda Usinge, na safari hii Modest hakunyanyua mkono wala mdomo. Wakati wa kuagana Tekla alimkumbatia mama mkwe wake kwa muda mrefu. Wajukuu walikuwa wakilia wanataka bibi naye apande. Ua ule uliobaki na watu wawili ukawa mkubwa ghafla.

Kisha yakaja mahindi. Nguruwe pori waliingia mashambani kama wamepewa taarifa, na kila shina lililolazwa watu walimhesabia mama Martha. Kisimani walimpisha kama mtu mwenye ukoma. Ukoo uliacha kumwita kwenye misiba. Walimwambia wazi kwamba siku yake ikifika atazikwa bila mlio, kama mtu asiye na kwao. Alipiga madebe shambani kwake asubuhi na jioni, peke yake, akifukuza wale wanyama, na mimi nilipokwenda kumsaidia nilikuta sauti imemkauka.

Lakini hayo yote alikuwa anayaweza. Asichokiweza ni kingine. Modest hakuhama. Alibaki kwenye nyumba yake, ua ule ule, anakwenda shambani na kurudi. Mama alipika, akamwekea sahani mlangoni, Modest akala, akarudisha sahani tupu mahali pale pale. Hakumtukana, hakumgusa. Alimpita tu. Ile shikamoo ya kila asubuhi ikakatika, na mimi nilikuwa naamka naisubiri upande wangu wa minyaa, halafu nasikia miguu yake inapita na kupotea.

Krismasi iliyofuata Tekla alikuja na watoto kumwona bibi yao. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka nywele, kanga iko mabegani na si usoni. Walikaa mbele ya duka letu wakinywa soda, mama Martha amempakata mjukuu mdogo. Eliya akapita, akasimama, akawasalimia wote, tabasamu lake limesharudi mahali pake. Alimtazama Tekla, kisha akamwambia mama Martha kwa sauti ya upole, ya mtu anayekusamehe:

"Unaona sasa, mama. Binti huyu hapa, mzima, anakunywa soda. Hakuna kilichotokea. Ulimvunjia kijana heshima bure, na shamba likaliwa."

Nilishika ukingo wa kaunta nisije nikamrushia kitu. Mama Martha hakukasirika. Alimtazama Tekla kuanzia kichwani hadi miguuni, akafuta soda kwenye kidevu cha mtoto.

"Ndiyo, mwenyekiti," akasema. "Hakuna kilichotokea."

Eliya akaridhika, akaenda zake.

Wageni walilala siku mbili kwetu, maana Tekla hakutaka kulala upande wa pili, kisha wakarudi Usinge. Asubuhi iliyofuata nilikuwa naosha vyombo nikasikia mlango wa Modest unafunguliwa. Miguu yake ikavuka ua, ikafika usawa wa pale mama yake anapochambua mchele, haikusimama, ikaendelea kuelekea njiani. Hakusema kitu. Nikasikia mama yake anamjibu, ile sauti ya kuvuta ya zamani, lakini nyembamba, imekauka kwa kupiga kelele shambani.

"Marahaba, mwanangu."

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Kesho yake akajibu tena, na kesho kutwa. Bado anajibu mpaka leo.